Mtoto Amechunguzwa au Amefanyiwa Tathmini? Ijue Tofauti Kabla ya Kutoka Kliniki

Mzazi mmoja anaulizwa maswali kwa dakika kumi, kisha anaambiwa mwanawe wa miaka miwili na nusu "ana usonji". Mwingine anaulizwa maswali yale yale na kuambiwa, "Huyu mzima kabisa, ataongea tu." Wa kwanza anarudi nyumbani akilia, wa pili anarudi akimshukuru Mungu. Wote wawili wamepewa jibu ambalo maswali ya dakika kumi hayana uwezo wa kulitoa.

Katika huduma za lugha na matamshi kwa watoto kuna hatua mbili zinazochanganywa kila siku: uchunguzi wa awali na tathmini kamili. Zikichanganywa, anayeumia ni mtoto. Kuna anayebandikwa jina la ugonjwa asio nao, na kuna anayenyimwa msaada katika miaka ambayo msaada ungemfaa zaidi. Makala haya ni ya mzazi, mlezi na mwalimu wa chekechea anayetaka kujua alichopewa ni kipi kati ya hivyo viwili, na adai nini kinachofuata.

Hatua mbili, kazi mbili

Uchunguzi wa awali ni wa haraka. Muuguzi wa kliniki, mwalimu au mtaalamu mwenyewe hutumia dodoso fupi au michezo michache, kwa kawaida dakika kumi hadi ishirini, ili aweze kuwapitia watoto wengi. Swali analotafuta kulijibu ni moja tu: je, mtoto huyu aangaliwe zaidi? Jibu ni ndiyo au hapana, basi.

Tathmini kamili huuliza mengi zaidi. Mtoto ana shida gani hasa? Ni kubwa kiasi gani? Inatokana na nini, au inaambatana na nini? Ni yapi anayoyaweza tayari, ambayo msaada utajengwa juu yake? Na tuanze na lipi? Kazi hii hufanywa na mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha, mara nyingi pamoja na mtaalamu wa usikivu, daktari wa watoto au mwanasaikolojia. Huchukua saa moja au mbili, pengine zaidi ya ziara moja, na mwisho wake ni ripoti ya maandishi.

Mfano unaoeleweka vizuri ni dodoso la M-CHAT-R/F, linalotumika katika nchi nyingi kutafuta dalili za usonji kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Lina maswali 20 kwa mzazi. Alama 0 hadi 2 huhesabiwa kuwa hatari ndogo, 3 hadi 7 hatari ya kati, na 8 hadi 20 hatari kubwa. Mtoto aliye katika kundi la kati hapewi jina la ugonjwa. Mzazi huulizwa kwanza maswali ya ufuatiliaji, moja moja, kuhakikisha kwamba aliyaelewa yale ya mwanzo na kwamba dalili ipo kweli. Hata aliyepata alama 15 hupelekwa kwenye tathmini, kwa sababu dodoso lenyewe haliwezi kusema kwamba mtoto ana usonji.

Kilifi walifanyaje

Funzo zuri la jinsi hatua hizi zinavyotegemeana lipo hapa hapa pwani ya Kenya. Watafiti wa Kilifi waliwapitia watoto 10,218 wa umri wa miaka 6 hadi 9 kwa kutumia Dodoso la Maswali Kumi. Ni maswali ambayo mzazi yeyote anaweza kuyajibu akiwa amekaa barazani kwake: je, mtoto anaonekana kusikia kwa shida? Akiambiwa afanye jambo, anaelewa? Anaongea, na maneno yake yanaeleweka?

Walioonekana na dalili waliitwa kwa hatua ya pili, yaani uchunguzi wa kina wa kidaktari na wa kisaikolojia. Kisha watafiti wakafanya jambo la busara: waliita pia idadi inayokaribiana ya watoto ambao dodoso lilisema hawana shida. Walijua kwamba chombo kifupi hukosea pande zote mbili, na njia ya kuyajua makosa yake ni kuwapima vizuri hata wale kiliowapitisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: kati ya kila watoto 1,000, watoto 61 walikuwa na kasoro ya mfumo wa neva ya kiwango cha kati au kikubwa, na 14 kati ya 1,000 walikuwa na kasoro ya usikivu. Namba hizo hazikutoka kwenye maswali kumi peke yake. Ilibidi watoto wapimwe.

Ikiwa watafiti wenye vifaa na wataalamu hawakuliamini dodoso peke yake, mzazi naye asilazimishwe kuliamini.

Hesabu ambayo kila mzazi aijue

Mwaka 1997 watafiti wa jimbo la Iowa, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa watoto wa chekechea. Walikuta kwamba karibu watoto 7 kati ya 100 walikuwa na tatizo la ukuaji wa lugha lisilotokana na uziwi wala ulemavu wa akili. Tuichukue namba hiyo na kuifanyia hesabu.

Tuseme kuna watoto 1,000, na 70 kati yao wana tatizo la lugha. Tuseme pia dodoso letu ni zuri kwa kiasi cha kuridhisha: linawanasa watoto 80 kati ya kila 100 wenye tatizo, na linawapitisha watoto 80 kati ya kila 100 wasio nalo. Katika wale 70, litawanasa 56 na kuwakosa 14. Katika 930 waliobaki, ambao hawana tatizo lolote, litawatia shaka 186. Kwa hiyo watoto 242 watarudi nyumbani na karatasi inayosema "apelekwe kwa uchunguzi zaidi", na wenye tatizo la kweli humo ni 56 tu, chini ya mmoja kati ya wanne.

Hesabu hiyo ina mafunzo mawili. Kwanza, karatasi ya "hajapita" si sababu ya kulia. Ni sababu ya kwenda hatua inayofuata. Pili, karatasi ya "amepita" haifuti wasiwasi wa mzazi, maana wale watoto 14 waliokoswa nao walipita. Kama wewe unayeishi na mtoto bado unaona kuna jambo, rudi ukaombe tathmini. Usione haya.

Watoto watatu, karatasi moja

Tuchukue mfano wa watoto watatu wa miaka miwili na nusu. Tuwaite Zuwena, Baraka na Neema. Wote watatu wanasema maneno machache, hakuna anayeunganisha maneno mawili, na wote watatu hawajapita uchunguzi wa awali. Karatasi zao zinafanana neno kwa neno.

Kwenye tathmini, Zuwena anaambiwa, "Kachukue kiatu cha baba, ukiweke mlangoni." Anakwenda na anakiweka. Anamlisha mwanasesere uji wa kujifanya, anampangusa mdomo, anamlaza. Usikivu wake umepimwa na uko sawa. Zuwena anaelewa mengi kuliko anavyosema. Mtaalamu anawafundisha wazazi namna ya kuzungumza naye, na anapanga kumwona tena baada ya miezi mitatu.

Baraka ameketi mkekani na mtaalamu. Mbele yao kuna kikombe, kijiko na mpira. Mtaalamu anamwambia, "Mpe mama kikombe," huku akimtazama usoni na kumnyooshea mama mkono. Baraka anampa. Baadaye kidogo mtaalamu anaweka mikono mapajani, anaziba mdomo kwa karatasi, na kusema kwa sauti ile ile, "Mpe mama kijiko." Baraka anaangalia karatasi, anamwangalia mama, kisha anachukua mpira. Wakati wote huo alikuwa akisoma mikono na midomo. Kipimo cha usikivu kinaonyesha hasikii vizuri, na daktari wa masikio anakuta majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Baraka anahitaji matibabu ya masikio kwanza, na msaada wa lugha sambamba nayo.

Neema anasikia vizuri. Anaweza kurudia tangazo zima la redio bila kukosea. Lakini akiitwa jina hageuki, hanyooshi kidole kumwonyesha mama ndege anayepita, na akitaka maji anauvuta mkono wa mtu hadi kwenye mtungi bila kumtazama. Mtaalamu wa lugha anaona dalili za kutosha kumpeleka kwa timu inayotathmini usonji, na wakati huo huo anaanza naye kazi ya mawasiliano.

Kila mmoja ana njia yake. Wote watatu wangeambiwa "subirini", Baraka angeendelea kutosikia na Neema angepoteza miezi. Wote wangeambiwa "wana usonji", Zuwena angebeba jina lisilo lake na masikio ya Baraka yasingetazamwa na mtu.

Tathmini iliyokamilika ina nini

Ukijua yaliyomo katika tathmini kamili, ni rahisi kutambua iliyorukwa sehemu. Huanza na historia. Mtoto alizaliwa njiti? Alipata manjano makali, degedege, malaria kali iliyomtia koma, homa ya uti wa mgongo? Tafiti zilizofanywa Kilifi zimeonyesha kwamba malaria kali inaweza kumwachia mtoto matatizo ya lugha hata baada ya kupona, kwa hiyo swali hilo si la kujaza fomu tu. Kuna ndugu aliyechelewa kuongea au mwenye kigugumizi? Wazazi wengi hulitaja hili kama faraja: "Hata baba yake alichelewa." Kwa mtaalamu linaongeza umakini, kwa sababu matatizo ya lugha na kigugumizi huenda kwa damu.

Kisha usikivu. Hakuna tathmini ya lugha iliyokamilika bila kujua mtoto anasikia kiasi gani. Kupiga makofi nyuma ya kichwa chake hakutoshi. Mtoto anaweza kusikia kofi na mlango ukibamizwa, lakini asisikie sauti laini za s, f na t zinazobeba maana ya maneno. Hata usikivu wenyewe una hatua zile zile mbili. Kwa mtoto mchanga, mwongozo unaofuatwa katika nchi nyingi unataka achunguzwe usikivu kabla ya kutimiza mwezi mmoja, aliyeshindwa athibitishwe kwa vipimo kamili kabla ya miezi mitatu, na mwenye tatizo aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita.

Baada ya hapo mtaalamu hutazama mdomo: midomo, ulimi, meno, kaakaa, na jinsi mtoto anavyotafuna na kumeza. Huangalia mchezo wake, anavyoelewa bila kuonyeshwa kwa mkono, anavyojieleza, sauti anazoweza na asizoweza kutamka, ufasaha wake, na namna anavyoshirikiana na watu. Hurekodi mazungumzo ya kawaida ya mtoto na mzazi, kisha huyachambua sentensi kwa sentensi. Kwa mtoto aliyeanza shule huongeza kusimulia hadithi, kusoma na kuandika.

Mtaalamu mzuri hufanya jambo jingine: humfundisha mtoto kitu kipya papo hapo, halafu hutazama anavyokishika. Mtoto asiyejua neno kwa sababu hakuwahi kulisikia hulidaka haraka. Mwenye tatizo la lugha huhitaji marudio mengi zaidi.

Kipimo cha Kiingereza hakitafsiriwi hivi hivi

Hapa wazazi wetu wanapaswa kuwa macho. Vipimo vingi vinavyouzwa vilitengenezwa kwa watoto wanaozungumza Kiingereza, na alama zake zimewekwa kwa kuwalinganisha watoto hao. Ukitafsiri maswali kwa Kiswahili na kutumia alama zile zile, unampima mtoto wa Tandika kwa kipimo cha mtoto wa London. Mtaalamu anaweza kutumia michezo na picha za kipimo hicho kuona mtoto anafanya nini, lakini asiandike alama zake kwenye ripoti kana kwamba zinamhusu.

Kazi ya kutengeneza vyombo vya kwetu imekwisha kuanza. Malawi walitengeneza kipimo chao cha ukuaji wa mtoto kwa kupima watoto zaidi ya 1,400 wa vijijini, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 2010. Kilifi ilitengenezwa orodha ya maneno na ishara za watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama. Kwa kuwa baadhi ya wazazi hawakusoma, waliulizwa kwa mazungumzo ya ana kwa ana badala ya kupewa fomu wajaze.

Kiswahili chenyewe kina njia yake ya kukua kinywani mwa mtoto. Utafiti uliofanywa na Kamil Ud Deen kwa watoto wa Nairobi ulionyesha kwamba watoto wadogo huacha viambishi vya mwanzo wa kitenzi. Mtoto wa miaka miwili anayesema "taka maji" badala ya "nataka maji" anapita njia ya kawaida. Mtaalamu asiyelijua hilo anaweza kuliona kosa palipo na ukuaji, au akaacha kuliona tatizo kwa mtoto wa miaka mitano ambaye bado anasema hivyo hivyo.

Lafudhi nayo si ugonjwa. Mtoto anayesema "kura" akimaanisha "kula", katika nyumba ambayo kila mtu huzichanganya r na l, anazungumza kama walezi wake. Vivyo hivyo anayesema "samani" kwa "thamani". Na mtoto anayelelewa kwa lugha mbili, tuseme Kiswahili na Kisukuma, ahesabiwe maneno ya lugha zote mbili. Akijua ishirini huku na kumi na tano kule, ana thelathini na tano. Kukua na lugha mbili hakusababishi tatizo la lugha, na mwenye tatizo la kweli hulionyesha katika zote mbili. Kwa hiyo anayekushauri uache lugha ya nyumbani ili mtoto aongee, usimsikilize.

Wakati wa kuruka uchunguzi wa awali

Uchunguzi wa awali umewekwa kwa ajili ya watoto ambao hakuna aliyeona dalili kwao, ili kuwapata wale waliojificha. Mwaka 2015, na tena 2024, jopo la Marekani linaloshauri kuhusu huduma za kinga lilisema ushahidi bado hautoshi kupendekeza au kukataa kuwachunguza watoto wote wa miaka mitano na chini kwa ajili ya kuchelewa lugha. Jopo lilifafanua kwamba kauli hiyo inahusu watoto wasio na dalili, ambao wazazi wao hawana wasiwasi. Mzazi mwenye wasiwasi yuko kundi jingine. Mtoto wake anastahili kutathminiwa, na kumrudisha kwenye dodoso ni kumzungusha.

Omba tathmini moja kwa moja ukiona haya. Mtoto wa miezi 12 asiyetoa sauti za "baba-ba", "mama-ma", asiyenyoosha kidole wala kupunga mkono. Wa miezi 18 asiye na neno hata moja. Wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, kama "mama maji" au "baba kaenda". Wa miaka mitatu ambaye watu wa nje hawamwelewi mara nyingi. Mtoto wa umri wowote asiyeshtuka kwa sauti, aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, au aliyeugua homa ya uti wa mgongo. Mwenye kigugumizi kilichodumu zaidi ya miezi sita, hasa akikunja uso au kukaza mwili ili neno litoke. Na zaidi ya yote, mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza. Huyo asisubiri hata wiki.

Neno moja kuhusu ulimi na kimeo. Mtoto akichelewa kuongea, wengi hukimbilia kukata udata, yaani utando wa chini ya ulimi, na wengine kimeo. Udata unaweza kumsumbua mtoto katika kunyonya, na kwa wachache katika baadhi ya sauti. Haumfanyi mtoto akose maneno, wala haumzuii kuelewa. Kukata kimeo kwa waganga wa mitaani hakuna faida yoyote kwa lugha, na kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi na maambukizi. Asikatwe mtoto kitu mdomoni kabla ya tathmini.

Jinsi ya kujiandaa

Siku ya tathmini mtoto anaweza kukaa kimya kabisa, maana chumba ni kigeni na mtu ni mgeni. Kwa hiyo mpelekee mtaalamu ushahidi. Mrekodi mtoto kwa simu akicheza, akila, akigombania mpira na nduguye. Video fupi fupi za nyumbani zinatosha. Andika maneno yote anayoyasema, hata yale unayoyaelewa wewe peke yako, na lugha ya kila neno. Beba kadi ya kliniki au kitabu cha mama na mtoto, pamoja na karatasi zote za hospitali.

Nenda na anayeshinda naye. Kama ni bibi au dada wa kazi anayekaa naye tangu asubuhi hadi jioni, maelezo yake yana uzito kuliko ya mzazi anayerudi usiku. Mlishe mtoto, na omba miadi ya saa ambayo huwa mchangamfu. Njiani usimfundishe majibu. Mtaalamu anataka kumwona alivyo.

Pa kuanzia

Wataalamu wa matamshi na lugha ni wachache Afrika Mashariki, na mafunzo yao ya shahada hapa kwetu ni mapya: Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 2008. Uchache huo ndio unaofanya dodoso lionekane kuwa limemaliza kazi. Hata hivyo, pa kuanzia papo.

Kenya ina vituo vya tathmini vya elimu vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984, na taasisi ya KISE pale Kasarani, Nairobi, ambayo nayo hutathmini watoto. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako kituo kilicho karibu. Tanzania, anza na daktari wa watoto au kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa, na uombe rufaa ya maandishi ya kupimwa usikivu na kuonwa na mtaalamu wa lugha. Usikivu upimwe kwanza hata kama mtaalamu wa lugha yuko mbali, kwa sababu hilo pekee linaweza kubadili kila kitu.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani, zikiwamo familia nyingi zilizotoka Kongo, sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, inawapa haki ambazo wengi hawazijui. Tathmini ni bure. Mtoto wa chini ya miaka mitatu afanyiwe tathmini na mpango wake ujadiliwe ndani ya siku 45 tangu rufaa ipokewe. Wa miaka mitatu na kuendelea, shule ina siku 60 tangu mzazi atoe ridhaa ya maandishi, isipokuwa jimbo likiwa na muda wake. Mtoto apimwe kwa lugha yake, Kiswahili kikiwemo, ila pale isipowezekana kabisa, na kipimo kimoja hakitoshi kuamua. Shule ikisema "kwanza tumpe msaada darasani, tuone", kubali msaada huo, lakini andika barua yenye tarehe ukiomba tathmini. Mwaka 2011 wizara ya elimu ya nchi hiyo iliyakumbusha majimbo kwamba msaada wa darasani usitumike kuchelewesha wala kukataa tathmini.

Maswali ya kuuliza kabla hujaondoka

Kwa aliyemwona mtoto, uliza kwa adabu na bila kuogopa: Huu ulikuwa uchunguzi wa awali au tathmini kamili? Ametumiwa kipimo gani, na kilitengenezwa kwa watoto wa wapi? Usikivu wake umepimwa kwa mashine? Amepimwa kwa lugha zipi? Anaweza nini, na anashindwa nini? Tuanze na lipi nyumbani? Lini arudi, na tutajuaje kama anaendelea vizuri? Kisha omba ripoti ya maandishi. Ripoti inayotaja jina la tatizo bila kueleza jinsi lilivyojulikana haijakamilika. Mwalimu naye asimhamishe mtoto darasa wala kumwita "bubu" kwa sababu ya karatasi ya dakika kumi.

Na wakati wa kusubiri miadi, ambayo huenda ikachukua wiki au miezi, usikae bure. Inama ufikie usawa wa macho ya mtoto. Taja anachokitazama yeye, siyo unachotaka akitazame. Akisema "gari", mrudishie kwa kuongeza: "Ndiyo, gari kubwa linapita." Mwache kimya kidogo ili naye apate zamu yake. Mwimbie na mchezee nyimbo za watoto, na zima televisheni mnapoongea. Hakuna mtoto anayedhuriwa na hayo, awe na tatizo au asiwe nalo.

Mzazi mwenzangu, pokea uchunguzi wa awali kwa shukrani, kwa maana umewafungulia mlango watoto wengi ambao wasingeonekana. Lakini usikubali uwe neno la mwisho juu ya mwanao, liwe neno la kutisha au la kuliwaza. Kama una wasiwasi, omba tathmini kamili leo, na usikivu wa mtoto upimwe kabla ya yote.